Sindano ya Pili

"Mama Kidoti, sukari ikikaa juu saa moja tu, macho ya mtoto yanaharibika." Msusi wa mlango wa pili ndiye aliyeniambia. Kasikia kwa mteja, mteja kasikia kwa shemeji yake. Maneno yale yakaning'ang'ania kichwani.

Kidoti ana miaka kumi na ana kisukari. Huchomwa insulini kabla ya kula. Jumamosi moja nilimchoma, akala. Baada ya saa moja nikampima sukari: kumi na nne, iko juu! Nikachukua sindano tena.

"Mama, si umeshanichoma?"

"Nyamaza, nakuokoa macho."

Nikarudi kwenye cherehani. Sketi ya watu haijaisha pindo, nikasikia kishindo. Kidoti yuko chini, anatetemeka, jasho linamtiririka, ananiita shangazi. Kipimo: mbili na nusu, sukari imeshuka mno. Kwa bahati alikuwa bado anameza. Nikamnywesha maji ya sukari, alipotulia tukakimbilia kliniki.

Muuguzi hakunifokea. Aliniuliza, "Wewe si fundi? Unakata kitambaa cha mtu kwa kukisia?"

"Thubutu! Napima kwanza."

Akachora mstari unaopanda, kisha unashuka taratibu. "Insulini hii huchukua kama saa nne kumaliza kazi. Saa moja ikipita, nyingi bado imo mwilini. Wewe ukamwongezea nyingine juu yake."

"Na mwili wa mwanangu ni kama mstari huo?"

"Kila mwili na kipimo chake. Niletee daftari la wiki mbili: sukari, chakula, dozi, saa."

Nikaandika, mwandiko wangu wa darasa la saba, yote. Daktari akaingiza namba zetu kwenye kompyuta. Ikakokotoa sukari ya Kidoti itakavyokwenda saa kwa saa, naye akatupangia dozi, yote kwenye karatasi.

"Ni makisio ya hesabu, mama," alisema. "Endelea kupima, ndipo tutajua yamekosea wapi turekebishe."

Karatasi ile nimeibandika ukutani, juu ya cherehani. Juzi, saa moja baada ya kula, kumi na tatu. Mkono ukaenda kwenye sindano wenyewe.

"Mama, soma ukutani kwanza," Kidoti akasema. "Au miwani imepotea?"

Nikasoma: itashuka kufikia saa ya nne. Nikasubiri, roho juu. Saa ya nne: saba, imeshuka vizuri.

Msusi akachungulia mlangoni. "Macho ya mtoto vipi?"

"Mazima, shangazi," Kidoti akajibu. "Hata wigi lako naona limekaa upande."

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usiongeze sindano kwa sababu ya hofu. Macho hayaharibiki kwa saa moja; huharibika sukari ikikaa juu kwa miaka. Fuata saa ulizopangiwa, au piga simu kliniki.

Usitumie dozi ya mtoto wa jirani.

Usiandike namba ya kubuni daftarini. Hesabu itakosea, mtoto ndiye ataumia.

Usimwache peke yake akitetemeka. Mpe sukari upesi kama anameza. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Usiache insulini kwa maneno ya watu.

Na usimwambie mtoto "nyamaza" anapokuuliza. Wangu aliuliza swali la kweli.