Sitini na Tatu

Mwili wa fundi Mbaluka ulikutwa juu ya ngazi, ndani ya tangi la maziwa lililokuwa likichomelewa katika karakana moja ya Kitengela. Kichwa kilikaribia kugusa paa. Daktari alisema alikosa oksijeni.

Msimamizi wa karakana, Wahome, alikuwa na jibu kabla ya kuulizwa.

"Ni Muthoki wa gesi. Alifungulia argoni nyingi, hii gesi ya kuchomelea. Angalia daftari."

Daftari la Muthoki lilisema: mita ya gesi, lita 63 kwa dakika. Muthoki akatiwa ndani, kesho yake apelekwe mahakama ya Kajiado. Kaveke, mjane wa Mbaluka, akamlaani mbele ya watu. Haya, kesi imekwisha, wakasema. Lakini Inspekta Ruth Katoo hakuziamini kesi zinazokwisha kabla ya chai ya saa nne.

"Uliandika hii?" alimuuliza Muthoki kule seli.

"Hapana, Afande. Niliweka ishirini, kama kila siku. Niko na watoto wawili. Siwezi cheza na maisha ya mtu."

Ruth aliikagua mita. Namba zake ziliishia thelathini. Sasa sitini na tatu ilisomwa wapi? Tena argoni ni nzito, hulala chini, na Mbaluka alifia juu.

Akamwita Wahome.

"Mtungi ulikuwa wa gesi gani?"

"Argoni."

"Mita ya argoni ikisoma ishirini, zinapita lita ngapi?"

"Ishirini."

"Na ukiweka heliamu, ile nyepesi inayopanda juu?"

Wahome akavua kofia yake.

"Gesi nyepesi hupita kwa kasi kuliko mita ya argoni inavyosoma, inabidi uzidishe kwa tatu na kidogo," Ruth akasema. "Unapata sitini na tatu. Muthoki alijua ni argoni, hakuwa na cha kusahihisha. Aliyeandika alijua mtungi una nini."

Mzee Wahome akaketi.

"Mtungi wa heliamu niliupaka rangi ya argoni," alisema. "Lile tangi lililopasuka Ngong likaua dereva, nilichomelea mimi. Ufa niliuona, nikaufunika na rangi. Mbaluka alikuwa anaenda kusema."

"Na daftari?"

"Ishirini haingeua mtu. Nikaandika ile ya ukweli. Miaka hiyo yote sijawahi kuandika kipimo cha uongo, Afande."

Ruth alimfunga pingu huku akicheka kwa furaha, wala hakuificha.

Muthoki alipotoka seli, mafundi walikuwa wamejaa uani mwa kituo, wakapiga makofi na vigelegele. Kaveke alipita katikati yao, akamshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Twende nyumbani. Jumamosi tunamzika, na ninataka ukae karibu na mimi."