Mkono wa Kulia wa Rosette

Kila asubuhi Rosette Wilondja aliteka maji bombani, akafagia ua, kisha akavaa shati jeupe na sketi ya buluu. Juu ya shati alivaa sweta la mikono mirefu. Baraka ni mji wa joto, na ilipofika saa nne wanafunzi wote wa darasa la sita walikuwa wakitoka jasho, lakini Rosette hakulivua sweta lake. Wenzake walishazoea. Hakuna aliyemuuliza tena.

Chini ya sweta kulikuwa na kovu. Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, alikuwa akimsaidia mama yake kupika mawese. Jiwe moja la jiko liliteleza, sufuria ikainama, na mafuta yanayochemka yakamwagikia mkono wake wa kulia. Alilala hospitalini wiki tisa. Ngozi ilipona, lakini ilipona kwa kujivuta, na kiwiko kikakataa kunyooka.

Kabla ya hapo Rosette alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa wavu. Shuleni walifunga wavu mkuukuu wa kuvulia samaki kati ya nguzo mbili, na ilipofika zamu yake ya kuanzisha mpira, hata wavulana walisimama kutazama. Tangu aungue hakuugusa mpira. Alisema haupendi tena. Hiyo haikuwa kweli.

Kulikuwa na uongo mwingine. Mama Marthe, muuguzi aliyemtunza, alikuwa amempa mazoezi: asubuhi na jioni apake mafuta kwenye kovu, asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole juu mpaka ngozi ivutike. Yaliuma sana. Baada ya mwezi mmoja aliacha. Mama yake alipouliza, alijibu kwamba ameshayafanya.

Mwezi wa kumi, Mwalimu Albert alitangaza kwamba wasichana wa shule moja ya Fizi, kule milimani, watashuka Baraka mwezi wa tatu kushindana nao. Alisoma majina ya wachezaji. Mwishoni alilegeza sauti, akamwambia Rosette kwamba yeye atatunza mifuko na maji ya wenzake, ili naye awe pamoja na timu. Alisema kwa wema, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi.

Rosette alisimama. "Mwalimu, mimi sitatunza maji. Mimi ni mchezaji."

Mwalimu alimwambia taratibu kwamba mkono wake bado haujawa tayari. Rosette akajibu kwamba hilo litajulikana uwanjani.

Jioni hiyo alirusha mpira juu, akaupiga. Ukaanguka miguuni mwake. Akarudia. Mara ya tatu mpira ulimpiga mgongoni rafiki yake Joselyne, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Burundi. Hakuna aliyecheka. Wasichana waliangalia pembeni, na Rosette aliona afadhali wangecheka.

"Nitarudi," alisema, akaondoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Marthe hospitalini. Muuguzi alimwomba avue sweta, akashika kiwiko, akakinyoosha mpaka kilipogoma, kisha akauliza kama mazoezi yanaendelea. Rosette akasema ndiyo.

Mama Marthe hakukasirika. "Mutoto wangu, huu mukono haujanyooshwa siku nyingi. Unanidanganya mimi, ao unajidanganya wewe?"

Rosette akakiri. "Niliacha. Yaliniuma, Mama. Na nyumbani pia nilidanganya."

"Yaliuma, na yatauma tena. Sasa umechelewa. Pengine mukono hautanyooka wote. Bado unataka?"

"Nataka kucheza. Hata usiponyooka wote."

"Basi tunaanza leo," alisema Mama Marthe, akamgeuza kuelekea ukutani.

Usiku wa siku hiyo, kabla ya kula, Rosette alimwambia mama yake ukweli. Tangu siku ya ajali mama alikuwa akijilaumu kwa ajili ya lile jiwe, na hakuwahi kuweza kulitazama kovu la mwanawe. Sasa alilitazama. Kuanzia kesho yake alimpaka mafuta yeye mwenyewe na kusimama kando yake. Kuna siku Rosette alilia kwa hasira na kumwambia aondoke. Mama hakuondoka.

Kila Jumapili, baada ya ibada, walichora kwa mkaa mahali vidole vilipofika ukutani. Hadi Noeli mstari ulikuwa umepanda upana wa vidole vinne. Kisha, mwezi wa kwanza wote, mstari haukusogea hata kidogo. Rosette aliutupa mkaa uani kwa hasira. Asubuhi iliyofuata alisimama tena mbele ya ukuta.

Uwanjani, Joselyne alimshauri aanzishe mpira kwa kuupiga kutoka chini. Rosette alikataa, akisema hivyo ndivyo wanavyoanzisha watoto wadogo.

"Mpira ukivuka wavu," Joselyne alimwambia, "nani atauliza uliupiga namna gani?"

Rosette alijaribu, mwanzoni kwa kununa. Baada ya wiki kadhaa mpira wake ulivuka chinichini na kuanguka ghafla. Sweta lilimbana, akalivua. Mtoto mmoja wa darasa la nne akasimama kulikodolea kovu macho. Rosette alimwonyesha mkono wote. "Angalia vizuri. Ukimaliza, uturudishie mpira."

Mwalimu Albert aliyaona hayo, akamwandika kuwa mchezaji wa akiba.

Siku ya mashindano kila timu ilishinda seti moja. Katika seti ya tatu Baraka walikuwa nyuma, tisa kwa kumi na tatu. Mwalimu alipogeuka kutafuta mchezaji, Rosette alikuwa ameshasimama. Aliingia kuanzisha mpira. Wasichana wa Fizi waliona kovu, wakaona anapiga kutoka chini, wakasogea mbele wakitabasamu. Mpira ukaanguka nyuma yao. Wa pili ukaanguka kati ya wawili. Baada ya wa nne, hesabu ilikuwa kumi na tatu kwa kumi na tatu, na hakuna aliyetabasamu tena. Wa tano uligonga wavu. Fizi wakapata pointi hiyo na nyingine moja, wakafika kumi na tano, mchezo ukaisha.

Rosette hakulia. Alimwendea nahodha wa Fizi, akamuuliza timu ya Baraka itapanda Fizi lini kwa mchezo wa marudiano.

Jumatatu Mwalimu Albert alizungumza na darasa zima.

"Nilidhani namhurumia Rosette, kumbe nilikuwa nimeshaamua kwa niaba yake. Nilikosea. Yeye pia, kama alivyoniambia mwenyewe, alikosea alipoficha kwamba ameacha mazoezi, akapoteza miezi mingi. Lakini alisema ukweli, akavumilia hata siku ambazo hakuona mabadiliko. Mkiumia, msingoje muwe kama zamani ndipo mrudi kwenye jambo mnalolipenda. Semeni ukweli kwa anayewatibu, kisha muanze na nguvu mliyo nayo."

Saa tisa alasiri Rosette alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Kiwiko kilimuuma kidogo. Alichukua mpira, akaanza.