Vichupa Kumi na Vinane vya Atropini

Gona Kalama alikata roho saa tatu unusu asubuhi, siku ya Jumatano. Inspekta Swabra Said alipofika kwenye zahanati ile ndogo nje ya mji wa Garsen, mwili ulikuwa bado kitandani, shati limelowa chapachapa. Swabra aliinua kope la marehemu. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano, na povu limekauka pembeni mwa mdomo.

Mkewe, Rachael, alikaa nje kwenye benchi, hata kulia hawezi. Alieleza kwamba mumewe aliamkia shambani kunyunyizia nyanya dawa ya wadudu. Bomba likamvujia mgongoni, naye akapuuza, akaendelea na kazi mpaka akaanza kutapika.

"Hii ni ajali ya shamba," Swabra alimwambia Johnson, tabibu msimamizi, walipoingia ofisini. "Umeniitia nini?"

Johnson aliweka sanduku la dharura mezani. Ndani mlikuwa na vichupa viwili tu vya dawa ya sindano, navyo vitupu.

"Daftari linasema vilikuwa ishirini, afande. Vingekuwepo, mtu huyu huenda angekuwa hai."

Swabra alimtaka amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Johnson akaanza kwa neva za utulivu, zile zinazouendesha mwili ukipumzika. Ndizo huleta mate na machozi, hupunguza mbio za moyo, hubana njia za pumzi na kusinyaza mboni. Sumu ile ya kunyunyizia nyanya huziwasha zisizimike, hadi mgonjwa akazama katika maji ya mapafu yake mwenyewe. Dawa ya kuzizuia ni atropini, na hutolewa dozi juu ya dozi mpaka kifua kikauke.

"Na ikiwa nyingi?"

"Mambo hugeuka. Mdomo hukauka, moyo hukimbia, ngozi huwa moto, hata mkojo hugoma. Mboni hupanuka, na huweza kukaa hivyo siku kadhaa. Mtu hawezi kutazama jua."

Swabra aliandika yote, kisha akauliza habari za sili, kile kifungo cha plastiki chenye nambari ambacho hukatwa sanduku likifunguliwa. Johnson alisema sanduku lilikuwa limefungwa vizuri asubuhi ile, na muuguzi Valary ndiye aliyeikata sili mbele yake. Swabra alipekua pipa la taka akaiokota. Nambari yake haikulingana na ile ya daftarini. Kwa hiyo mtu alilifungua sanduku, akatoa vichupa, akalifunga upya kwa sili nyingine. Sili za akiba zilikaa kwenye droo, na ufunguo wa droo walikuwa nao watu wawili tu. Johnson alikuwa Hola kwenye mafunzo tangu Jumapili hadi jana usiku. Swabra alipiga simu Hola, wakamthibitishia.

Alibaki Valary.

"Jana ulikuwa wapi, sista?"

"Kijijini Hewani, nyumbani. Baba alikuwa na malaria."

"Juzi?"

"Nilikuwa zamu. Nikatoka saa kumi."

"Nani aligusa sanduku?"

"Sijui, afande."

Hakuwa na kiburi. Alikuwa akikunja taulo moja, anaikunjua, anaikunja tena.

Swabra alikwenda Hewani na Konstebo Kadenge kuhakikisha maneno yale. Mzee Levi, babake Valary, walimkuta ndani, ameupa mlango mgongo ingawa joto la mchana lilikuwa limewatoa majirani wote nje kivulini. Alizungumza kwa shida, ulimi umemganda kinywani, na kila baada ya maneno mawili alipiga funda la maji. Swabra alimwomba ageuke. Mzee aligeuka, kisha akakinga uso upesi kwa kiganja. Lakini Swabra alikuwa ameshaona: macho yalikuwa meusi tupu, mboni zimeimeza rangi yote ya jicho.

"Malaria haipanui mboni, mzee."

Mzee Levi alishusha kiganja.

"Mwanangu usimkamate," alisema. "Mwenye kosa ni mimi."

Akasimulia taratibu. Mafuriko yalipokuja, mto ulimega ukingo ukalichukua shamba lake, na pamoja na shamba kaburi la mkewe. Alikaa miezi akitazama maji yakipita pale alipomlaza. Jumatatu jioni akanywa dawa ya wadudu.

Kituoni, Valary hakungoja kuulizwa mara ya pili.

"Nilimkuta sakafuni, mate yanamtoka. Nikarudi zahanati kwa bodaboda, nikachukua vichupa kumi na vinane. Nikafunga sanduku kwa sili mpya. Gari la dawa lilikuwa lije Alhamisi, ningevirudisha."

"Kwa nini hukumleta zahanati?"

"Aliyejaribu kujiua hushtakiwa, afande. Baba ni mzee wa kanisa. Nimponye, kisha nimpeleke kizimbani?"

Wakati ule ndivyo sheria ilivyokuwa.

"Ungemwambia Johnson kwamba dawa zimekwisha. Zingetafutwa kwingine."

"Angeuliza zimetumika kwa nani." Valary alitazama mikono yake. "Leo nilipokata sili nilijua mna viwili tu. Nilimpa Gona vyote. Kifua kikaanza kukauka, kisha kikajaa tena. Ambulensi ikafika amekwisha. Muda wote nilikuwa nimemshika mkono."

Swabra aliandika shtaka moja, la mtumishi kuiba mali ya mwajiri wake. La mzee hakuliandika.

Alasiri Rachael alikuja kuchukua barua ya kuuondoa mwili. Valary aliomba amweleze yeye mwenyewe, na Swabra akamruhusu. Alieleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Rachael alisikiliza mpaka mwisho, barua mkononi. Konstebo Kadenge alisogea karibu, asijue litakalotokea.

"Baba yako yu hai?" Rachael aliuliza.

"Yu hai."

Rachael aliikunja ile barua, akaifunga kwenye pindo la leso. Alikwenda hadi mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Basi mwambie aishi," alisema, akatoka.