Sauti Ndani ya Diski

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, kwa hiyo nayaandika haya kama alivyonieleza.

Shangazi yake alimwita mchana mmoja aokoe sauti ya marehemu mumewe, iliyorekodiwa mara moja tu, katika kompyuta kuukuu ya sebuleni. Kila alipojaribu kuinakili, mashine ilizimika. Akabadilisha memori, akabadilisha pawa saplai, akapuliza vumbi la miaka kumi. Ikazimika tena, palepale. Walikuwa wamefunga mapazia ili skrini ionekane, na kila ilipozimika walibaki gizani wakisikilizana pumzi.

“Hivi chuoni ulisomea nini, mwanangu?” shangazi akamtania.

“Nimeshindwa, shangazi. Diski inakufa.”

Akachomoa waya ukutani, akaitoa diski, akaiweka kiganjani aitazame. Hapo ndipo wote wawili walipoisikia ikianza kuzunguka, taratibu, kama inavyofanya kompyuta ikiwashwa. Hakuthubutu kuiweka chini, wala hakutaka kuendelea kuishika.

“Usiiachie,” shangazi akanong'ona. “Tafadhali.”

Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote isipokuwa mkono wake, na ilikuwa inazidi kupata joto.