Kompyuta Yangu, Kazi ya Nani?

Kila asubuhi, pale mjini Rosario, Maitena alichemsha maji ya yerba, majani yanayonywewa kama chai, akafungua kompyuta mezani jikoni, akaandika programu za kampuni iliyomlipa.

"Mimi sina tajiri," alimtambia jirani yake, Bi Nilda, akiigusa kompyuta. "Kiwanda changu ndicho hiki. Nimekinunua mwenyewe."

Programu aliyoipenda ilipanga zamu za wauguzi. Aliianza na kaka yake, Lisandro, walipokuwa wote kwenye kampuni hiyo. Lisandro alipofariki, Maitena aliendelea nayo peke yake. Katikati ya mistari ya programu kaka yake alikuwa ameacha maneno: "Dada, hapa usiguse, patalipuka." Aliyasoma mara kwa mara.

Siku moja neno lake la siri likakataliwa. Kampuni ilikuwa imemwachisha kazi.

Bi Nilda alimkuta ameduwaa.

"Kompyuta si unayo?"

"Ninayo."

"Basi kiwanda kinaendelea."

"Usinicheke, Bi Nilda. Programu iko kwenye seva zao, kompyuta kubwa za kampuni. Na mkataba unasema kila mstari ni wao. Niliusoma, nikadhani ni maneno tu."

Bi Nilda alivuta kiti. Kiwanda cha tambi alichofanyia kazi kilipofungwa na tajiri, yeye na wenzake walikikalia, na wanakiendesha wenyewe hadi leo.

"Kompyuta ni mwiko wa kupikia tu, mwanangu. Chungu, jiko na walaji vilikuwa vya kampuni."

"Nitaingia kwenye seva zao kwa mlango wa nyuma, niichukue programu."

"Wakushitaki? Andika upya. Tafuta wenzako, mwandikishe ushirika kwanza. Programu, seva, wateja, vyote viwe vya wote. Kila mtu kura moja."

Maitena aliwatafuta wenzake wawili walioachishwa pamoja naye. Waliandikisha ushirika, wakaanza upya bila kunakili hata mstari mmoja. Mwanzoni kabisa mwa programu Maitena aliandika jina la Lisandro. Safari hii hakuna wa kulifungia.

Zahanati ya mtaani iliichukua programu hiyo, kisha hospitali mbili. Kipato hakikuwa kikubwa, lakini waligawana kwa makubaliano.

Ndipo meneja wa kampuni akapiga simu. Programu ya zamani ilikuwa imekwama.

"Rudi, Maitena. Tutakuongezea mshahara."

"Sirudi."

"Basi tutainunua hiyo yenu. Nipe mkubwa wenu niongee naye."

"Unaongea naye," alisema Maitena. Kisha akampa simu mwenzake aliyekaa karibu. "Na huyu pia."