Mapipa ya Josiah

Kiangazi kimoja, karibu miaka mia mbili iliyopita, homa ya manjano iliingia tena mjini kwetu Apalachicola, mji wa bandari. Watu walifunga madirisha. Waliwasha lami barabarani, moshi ufukuze hewa mbaya. Mchana ulikuwa mweusi, na hakuna aliyepita.

Josiah alikuwa fundi mapipa. Ua wake ulijaa mapipa yenye maji, maana mbao zikikauka pipa huvuja. Ndani, binti yake Lavinia aliungua kwa homa.

"Mama, kuna mtu ananiimbia sikioni."

Keziah, mama yake, alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Lakini hata yeye aliusikia wimbo huo, mwembamba, usio na maneno.

"Wafu wanamwita," alimnong'oneza mumewe.

"Acha hizo! Mpeleke kwa daktari."

Kwa daktari, mlango ulifungwa nyuma yao. Mara ubaridi ukashuka, ukampapasa Keziah shingoni. Alipiga kelele.

"Tulia, mama," alisema muuguzi, Bi Orpha. "Hapa hakuna mzimu. Tazama juu."

Beseni la barafu lilining'inia darini.

"Hewa inapita kwenye barafu, inapoa, inashuka. Hewa ya zamani inatokea kwenye tundu la chini. Daktari ndiye aliyebuni."

"Itamponya?"

"Baridi haiui homa. Inampumzisha tu, apate nguvu." Alishusha chandarua juu ya kitanda cha Lavinia. "Nyumbani kuna maji yaliyotuama?"

"Baba yake ni fundi mapipa."

"Mungu wangu! Daktari anasema hewa ya maji hayo inaleta ugonjwa. Yamwageni. Na mlale ndani ya chandarua."

Lavinia alibaki kwa daktari. Josiah aliposikia hayo nyumbani, alicheka. "Mbao zikauke? Tutakula nini?"

Keziah alimvuta hadi kwenye pipa. Maji yalikuwa yanatembea. Vijidudu vilijikunja humo, vingi mno. Na juu yake, wimbo uleule. Ni mbu, waliozaliwa humo humo!

Josiah aliwaza bintiye alivyolala karibu na uchafu huo, akalipiga pipa teke, likamwagika, kisha akamwaga na mengine yote. Tangu hapo aliyalowesha mapipa siku ya kuyauza tu, tena aliyafunika.

Leo tunajua kwamba mbu ndiye anayebeba homa hiyo. Daktari yule alilaumu hewa, lakini ushauri wake ulifaa.

Baada ya siku kadhaa Lavinia aliinuka, mifupa mitupu, akaomba uji. Keziah alilia kwa furaha. Kisha akaenda kwa jirani yake, Rhoda, mwenye kitambaa cheusi cha msiba mlangoni.

"Nimemzika mwanangu jana," alisema Rhoda. "Umekuja kunisimulia wako alivyopona?"

"Hapana, dada. Umebaki na wawili. Nionyeshe maji yako yalipo."