Jina la Kuazima

Siku ya Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2024, saa saba mchana, waliokuwepo katika ua wa nyumba ya marehemu Rajabu bin Nasoro, mjini Tabora, walikuwa watano.

Wa kwanza ni Selemani Kaombwe, msimamizi wa kazi, mstaafu wa reli, mwenye umri wa miaka sitini na minne. Wa pili ni Mustafa Awadhi, seremala, mzaliwa wa mjini hapo hapo. Wa tatu ni Valentino Kasele, mwashi, kutoka Ipole. Wa nne ni Zamda Ramadhani, aliyewapikia. Wa tano ni saidia fundi aliyeandikwa katika daftari kwa jina la Eliasi Niyokwizera.

Jina hilo halikuwa lake. Yeye alikuwa Felisiani Nduwimana, Mrundi wa Ulyankulu. Eliasi ni kaka yake, tumbo moja. Kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake peke yake, kwa hiyo majina yao hayakufanana. Sura ndizo zilizofanana. Kitambulisho cha Felisiani kilikuwa hakijatoka, cha Eliasi kilikuwepo, na mwenye nyumba hakuchukua mtu asiye na kitambulisho. Eliasi alikitoa mfukoni bila kufikiri mara mbili.

"Chukua," alisema. "Mimi shambani naitwa na nani? Jina langu likafanye kazi mjini, mimi nibaki na tumbaku."

Nyumba ile ilikuwa imekaa tupu miaka thelathini na moja. Mtaa wake, uliokuwa umelala muda wote huo, ulikuwa umeanza kuamka. Jengo la jirani lilikuwa limepakwa chokaa na kufanywa duka la dawa, na ghala la pamba la ng'ambo ya barabara lilikuwa mgahawa. Bi Hafsa, binti wa marehemu Rajabu, alitaka nyumba ya baba yake iwe ya wageni kabla mvua hazijaanza. Kabla ya reli kufika, misafara ya kwenda Ujiji iliweka mizigo yake pale. Mapagazi walisimama katika ua, wakaitwa jina kwa jina, na aliyeitika alitwishwa palepale. Mjini kila mtu mzima alilijua jambo hilo, na hakuna aliyeliona kuwa na uzito.

Selemani alikuwa na desturi ya kuita majina kila baada ya chakula cha mchana, kwa sababu huko nyuma alikuwa amewahi kusimamia watu wanaokula na kutoweka.

"Mzee, si utuhesabu kwa macho tu?" alisema Mustafa. "Hatufiki hata wachezaji wa karata wa kutosha meza mbili."

"Macho yangu yana mtoto wa jicho. Daftari halina. Mustafa Awadhi!"

"Nipo, mwalimu wa darasa."

"Valentino Kasele!"

"Nipo."

"Zamda Ramadhani!"

"Sasa mimi nitoroke niache sufuria zangu? Nipo."

"Eliasi Niyokwizera!"

"Nipo, mzee," alisema Felisiani.

Selemani alifunga daftari. Ndipo, kutoka ghalani, mtu akasema kwa sauti ya adabu, kama aliyechelewa:

"Labeka."

Ghala lilikuwa upande wa magharibi wa ua, refu, halina dirisha hata moja. Mlango ulikuwa wazi. Valentino alicheka, akaingia, akatoka.

"Hamna mtu," alisema. Hakuwa anacheka tena.

Jumanne waliitika wawili kutoka ghalani. Jumatano, Selemani alipolitaja jina la nne, waliitika wengi kwa pamoja, wa karibu na wa mbali, na baada ya hapo ikasikika mizigo ikiwekwa chini, mmoja baada ya mwingine, puu, puu, puu, hadi vumbi likatoka mlangoni mwa ghala na jua likalishika. Likaja na harufu. Zamda ndiye aliyeitambua kwanza: ngozi mbichi, chumvi, na jasho la watu waliotembea miezi.

"Baba Selemani," alinong'ona, "nakuomba, usiite tena."

"Siiti tena," alisema Selemani. Aliliweka daftari mfukoni.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hakuita mtu, na siku hizo tatu zikapita kimya. Wakaamini wamepona. Valentino hata alianza kumtania Mustafa kwamba alifunga mlango wa chumba kwa misumari ili asitoke nje usiku kucha huko kwao.

Jumatatu ya tarehe 14, saa saba, Bi Hafsa alifika kutazama kazi. Selemani alikwenda kumpokea langoni, na wakasimama huko wakizungumza juu ya vigae. Mustafa, Valentino na Zamda walikuwa uani. Felisiani alikuwa ndani ya ghala, juu ya jukwaa, akipiga lipu ya chokaa, uso ameuelekeza ukutani.

Sauti ya Selemani iliita, "Mustafa Awadhi!"

Mustafa alifungua mdomo. Valentino aliwahi kuuziba kwa kiganja chenye chokaa, akamgeuza kichwa kuelekea langoni. Selemani alikuwa pale, amenyamaza, anamsikiliza Bi Hafsa. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Valentino Kasele!" iliita sauti ile ile.

Walishikana. Zamda, jina lake lilipoitwa, alijifunika uso kwa khanga. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupiga kelele, na hilo baadaye walilijutia sana.

"Eliasi Niyokwizera!"

"Nipo, mzee," alijibu Felisiani kutoka ndani, na mkono wake uliendelea kusawazisha lipu.

Alichokisimulia baadaye ni hiki: kwamba ubaridi ulimshukia utosini kwanza, kana kwamba mtu amemwekea kata ya majani mabichi ya kutulizia mzigo, halafu ukaja uzito juu ya kata hiyo, ukakaa, ukatafuta mahali pake, na shingo yake ikadidimia mabegani, na mikono yake ikapanda yenyewe kushika kitu ambacho vidole vilikigusa lakini macho hayakukiona, kitu cha mviringo, kirefu, kilichofungwa kamba kama robota la nguo, na nyuma yake akasikia pumzi za watu waliojipanga, wengi, wakingoja atangulie, na mmoja wao akamsukuma mgongoni kwa upole, kwa namna ya mtu aliyezoea.

Alishuka jukwaani. Alipita mbele ya wenzake akiwa na mikono juu, akapita kati ya Selemani na Bi Hafsa bila salamu, akatoka. Mustafa na Valentino walimfuata kwa bajaji, wakamkuta katika barabara ya Urambo, akitembea kuelekea magharibi katikati ya jua, peku, kichwani hana kitu. Nyayo alizoacha katika vumbi zilikuwa zimezama hadi kifundo cha mguu.

"Eli, rudi," alisema Valentino huku akilia.

"Siwezi kuushusha," alisema. "Nimeitika."

Walimrudisha kwa nguvu. Kwa siku mbili mikono yake haikushuka. Zamda alimlisha uji kwa kijiko kama mtoto, na kila alipomlisha aliona shingo imezidi kufupika.

Jumatano jioni Selemani alimleta Maalimu Majidi, fundi cherehani wa sokoni, mtu mfupi, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Majidi aliweza kusoma mambo ya namna hii ingawa hakupenda watu wajue. Alizunguka ghala mara moja tu. Hakufukiza ubani wala hakuandika kombe la kumnywesha mgonjwa.

"Huyu ni jini mwita," alisema. "Alikuwa na wale waliokuwa wakiita. Wao wamekufa, yeye kazi yake haijaisha. Hana ugomvi na mtu. Anataka mzigo ufike. Aliyeitika ni wake hadi afike au aanguke."

"Ataanguka lini?" aliuliza Selemani.

"Kwa shingo ile? Ijumaa hamalizi." Alimgeukia mgonjwa. "Sikiliza, kijana. Kesho saa saba utasimama pale ulipoitika. Akikuita, utamrudishia mwitiko wake. Utasema: si mimi. Lakini liwe kweli. Ukimwambia uongo atakuongeza mzigo wa pili. Jina lako na la mama yako?"

 Felisiani alimtazama Selemani, kisha daftari lililochungulia katika mfuko wa Selemani.

"Maalimu anakuuliza," alisema Selemani.

"Mzee, utanifukuza."

"Mtu anakufa anazungumza habari ya kufukuzwa! Sema."

"Mama ni Paskazia. Mimi si Eliasi. Mimi ni Felisiani Nduwimana. Eliasi ni kaka yangu. Nilikuja na kitambulisho chake."

Selemani alikaa chini juu ya mfuko wa chokaa. Kwa miaka arobaini hakuwahi kuandika jina la uongo. Lakini Majidi alipiga paja kwa furaha.

"Basi umepona! Utasema si mimi, na litakuwa kweli tupu. Ila nisikie vizuri. Ukishasema hayo maneno mawili, nyamaza. Akikuuliza jambo jingine, lolote lile, uma ulimi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, maalimu. Na kaka yangu?"

"Kaka yako yuko mbali. Hakuitika yeye. Wewe uma ulimi tu."

Alhamisi tarehe 17, kabla ya saa saba, walimwingiza ghalani. Wengine, pamoja na Majidi na Bi Hafsa, walisimama mlangoni. Jua la Oktoba lilikuwa limesimama juu ya ua na hakuna aliyekuwa na kivuli, lakini mle ndani, hatua mbili tu kutoka kizingitini, giza lilikuwa limejaa harufu ile hadi Zamda akaziba pua, na katika giza hilo kulikuwa na mkwaruzo wa nyayo nyingi zikijipanga, na kikohozi cha mtu mzima, na mtoto aliyelia mara moja akanyamazishwa. Valentino alikuwa akisali Baba Yetu na Mustafa Ayatul Kursiyu, kwa pamoja, bega kwa bega.

"Eliasi Niyokwizera!"

Ilikuwa sauti ya Selemani, na Selemani mwenyewe, aliyesimama mlangoni, alijishika koo.

"Si mimi," alisema Felisiani.

Nyayo zilisimama.  Majidi alimwonyesha kidole mdomoni: nyamaza.

Sauti haikukasirika. Iliuliza taratibu, kama karani anayetaka kusahihisha kosa dogo katika karatasi:

"Mwenyewe yuko wapi?"

Felisiani aliuma ulimi. Damu ilimtoka pembeni mwa mdomo, wote waliiona. Uzito uliongezeka, waliona magoti yake yakikunjika, mfupa wa bega ukalia, na sauti ikauliza tena, kwa upole ule ule, na mara ya tatu, na kila ilipouliza alididimia kidogo, na macho yake yakamtafuta Majidi, yakamtafuta Selemani, yakarudi gizani, na hata hapo pengine angevumilia, kama ile sauti ya nne isingekuwa ya Selemani wa kila siku, yule wa asubuhi na baada ya chakula, mzee ambaye Felisiani alizoea kumjibu bila kufikiri.

"Kijana. Nakuuliza kwa wema. Yuko wapi?"

"Yuko Ulyankulu, mzee," alisema Felisiani. "Kijiji cha nane. Nyumba ya mwisho, penye bani la kukaushia tumbaku."

Mikono yake ilianguka.

Upepo ulitoka ghalani, ukawapita mlangoni, ukavuka ua na kutoka nje ya lango. Ulikuwa na joto la miili mingi. Baada yake harufu iliisha kabisa, ikabaki ya chokaa mbichi. Ghala likawa ghala, na mwanga wa mlangoni ukaingia hadi ukuta wa mwisho. Bi Hafsa alianza kulia kwa furaha. Mustafa alimkumbatia Valentino. Zamda alipiga kigelegele, akakikata katikati, kwa sababu alimwona Majidi akivua futi shingoni na kuiviringisha polepole, bila kumtazama mtu.

"Simu," alisema Felisiani. "Nipigieni simu. Janeti."

Vidole vyake havikuweza kushika kitu. Zamda alichukua simu ya Felisiani, akatafuta jina, akapiga, akamshikia simu sikioni. Aliyepokea ni Janeti, mke wa Eliasi, na wote walimsikia, kwa kuwa ua ulikuwa kimya.

"Shemeji! Mbona unapiga simu na uko hapa?"

"Niko Tabora. Eliasi yuko wapi?"

"Acha utani wako. Si umemwita sasa hivi nyuma ya bani? Kwa majina yake yote mawili, kama askari! Alikuwa juu anaezeka, ameitika, ameshuka. Hata viatu hajavaa."

"Janeti. Mfuate. Mshike, usimwache atembee."

"Kwani kuna nini?"

"Mshike, Janeti!"

Walisikia kandambili zake zikikimbia, na sauti yake ikimwita mumewe, mara tatu, kila mara kwa mbali zaidi. Felisiani alisikiliza hadi salio likaisha.

Eliasi Niyokwizera alifariki siku hiyo hiyo, Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa saba na dakika arobaini mchana, katika barabara itokayo Ulyankulu kwenda magharibi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.